Kuogesha mbwa nyumbani: Fedha hupotea bandani, si kwenye sabuni

MWENYE nyumba, duka au ghala jijini Dar es Salaam anayefuga mbwa wa ulinzi huwa na hesabu kamili ya chakula chake: dagaa, mifupa ya buchani, utumbo na unga wa ugali wa kila siku. Hesabu ya kumwogesha mbwa huyo ni nadra kuandikwa popote, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bila mwenyewe kujua zimekwenda wapi.

Sabuni, maji na taulo kuukuu ni gharama ndogo. Gharama kubwa hujificha katika mambo mawili: chupa ya dawa ya kupe inayonunuliwa bila kusoma maelezo yake, na banda linaloachwa lilivyo baada ya mbwa kuogeshwa. La kwanza linaweza kumuua mbwa kwa siku moja. La pili humla mwenye mbwa polepole, wiki hadi wiki, kwa kumfanya anunue dawa ileile kwa ajili ya kizazi kipya cha kupe walewale.

Neno "kuogesha" lenyewe lina historia yake sokoni. Kwa mfugaji wa Tanzania, kuogesha ni kumpitisha ng'ombe katika josho lenye dawa ya kuua kupe. Ndiyo maana mtu akiingia katika duka la dawa za mifugo na kusema anataka "dawa ya kuogeshea", muuzaji hunyoosha mkono moja kwa moja kwenye rafu ya dawa za ng'ombe. Mteja hakutaja mnyama, muuzaji hakuuliza, na chupa imekwisha kutiwa kwenye mfuko. Swali la lazima kutoka kwa muuzaji ni fupi tu: "Mzee, unaogesha mnyama gani, na ana kilo ngapi?" Duka ambalo halina swali hilo ni duka la kuhama.

Kilichomo ndani ya chupa

Dawa za kuogeshea zinazopatikana katika maduka hayo ziko katika makundi machache, ingawa majina ya biashara ni mengi na rangi za lebo ni nyingi zaidi. Anayejua jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara amekwisha kujiokoa na nusu ya hasara.

Kundi la kwanza ni amitraz, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na nguvu ya asilimia 12.5. Dawa hii hutumika kwa ng'ombe, na hutumika pia kwa mbwa dhidi ya kupe na upele unaosababishwa na utitiri. Kiwango kinachotumika sana ni asilimia 0.025, yaani mililita 2 za dawa katika lita 1 ya maji. Hesabu yake ni nyepesi: chupa ya mililita 100 hutoa lita 50 za maji ya dawa. Mbwa wa kilo 30 akilowanishwa kwa lita 5 hivi, chupa hiyo ingetosha kumwogesha mara 10. Gawa bei ya chupa kwa 10, na mwenye mbwa anapata gharama halisi ya dawa kwa kila uogeshaji. Wengi wakifanya hesabu hiyo hushangaa jinsi dawa yenyewe ilivyo rahisi, na hapo ndipo wanapokosea kwa kudhani kwamba kuongeza kidogo hakudhuru.

Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Anayetia kijiko kimoja katika lita moja badala ya mililita 2 amemmwagia mbwa dawa yenye nguvu mara mbili na nusu ya inayotakiwa. Kifuniko cha chupa si kipimo kabisa, kwa sababu vifuniko havilingani. Kifaa kinachofaa ni bomba la sindano la mililita 5 au 10, bila sindano yake, ambalo katika orodha nzima ya manunuzi huenda ndilo la bei ya chini kuliko vyote. Lipewe kazi hiyo moja tu, na lisirudi jikoni.

Mbwa aliyezidiwa na amitraz husinzia, hupepesuka, hutapika, mapigo ya moyo wake hupungua kasi na mwili hupoa. Dawa hii haifai kwa watoto wa mbwa walio chini ya miezi minne, kwa mbwa wadogo wa aina ya Chihuahua, wala kwa mbwa mwenye kisukari. Ikishachanganywa na maji haiwekwi kwa wiki ijayo; huchanganywa inayotosha siku hiyo na kutumika siku hiyo. Na baada ya mbwa kulowanishwa kwa maji hayo hasuuzwi tena. Huachwa akauke kwa upepo, akizuiwa kujilamba. Wapo wanaotumia dawa kwa kipimo sahihi kisha humalizia kwa ndoo mbili za maji safi, na kuisukuma mtaroni pamoja na fedha waliyoinunulia.

Kundi la pili ni la pairethroidi, mfano cypermethrin, deltamethrin na permethrin. Mbwa huvumilia baadhi yake kwa kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya mbwa. Paka havumilii. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrin kama lifanyavyo la mbwa, na paka aliyelala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa dawa hiyo anaweza kuanza kutetemeka na kupata degedege, hata kufa. Nyumba yenye wanyama wote wawili, na za namna hiyo ni nyingi kwa sababu ya panya, inapaswa kulitaja hilo dukani kabla ya kutoa fedha.

Kundi la tatu ni la dawa za oganofosfeti, mfano chlorfenvinphos na diazinon. Hizi ni sumu kali kwa mnyama na kwa anayeogesha pia. Dalili zake huonekana mapema: udenda mwingi, machozi, kukojoa ovyo, mboni za macho kuwa ndogo na misuli kuchezacheza. Kwa mwenye mbwa mmoja nyumbani, ambaye hana josho, hana buti za mpira na hana mahali pa kutupa mabaki, ni vigumu kuona sababu ya kibiashara ya kununua dawa za kundi hili hata kama bei yake inavutia.

Halafu iko sindano. Ivermectin ya asilimia 1 ya ng'ombe imekuwa njia ya mkato ya watu wengi wanaochoka kuogesha. Kipimo chake kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Mbwa wa kilo 10 akidungwa mililita 1 "ili ipone haraka" amepewa mara tano ya kiwango hicho cha ng'ombe. Hatari haiishii kwenye kipimo. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State nchini Marekani walieleza kasoro ya urithi katika jeni inayoitwa MDR1, ambayo huiacha dawa hii ipenye hadi kwenye ubongo. Kasoro hiyo imeenea sana kwa mbwa wa aina ya Collie, na kwa German Shepherd, yule ambaye mitaani huitwa mbwa wa polisi, chuo hicho hukadiria kuwa ni karibu mmoja kati ya 10. Collie mwenye kasoro hiyo aweza kudhurika kwa miligramu 0.1 kwa kila kilo, ambayo ni nusu ya kipimo cha kawaida cha ng'ombe.

Watu wa Dar es Salaam hupenda German Shepherd kwa ulinzi, pamoja na machotara wake. Hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama mbwa kama ana kasoro hiyo. Kwa hiyo sindano ya ivermectin ni kazi ya daktari wa mifugo, aliyempima mbwa uzito na kusikiliza historia yake.

Kihasibu, mbwa wa ulinzi ni rasilimali ambayo haiandikwi kwenye mizania ya mtu yeyote. Alipatikana akiwa mtoto, akalishwa mwaka mzima kabla ya kubweka kwa maana, akajifunza nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani. Akifa kwa kijiko kimoja cha dawa, bei ya mtoto mwingine wa mbwa si kipimo cha hasara hiyo. Kuna mwaka mwingine wa kulisha na kusubiri, na usiku mwingi ambao geti halina mbwa.

Kupe hawaishi juu ya mbwa

Hili ndilo wengi hawalitazami. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus sanguineus, hupanda juu ya mbwa mara tatu katika maisha yake: akiwa buu, akiwa kijana na akiwa mkubwa. Kila mara akishashiba damu huanguka na kwenda kujificha. Jike aliyeshiba hutaga mayai hadi 4,000 hivi, na hayatagi kwenye manyoya. Huyataga kwenye nyufa za ukuta, chini ya mbao za banda, nyuma ya gunia la kulalia na kwenye pembe za dari, kwa kuwa kupe huyu ana tabia ya kupanda juu. Wataalamu hukadiria kwamba wakati wowote ule asilimia 95 hivi ya kupe wako nje ya mbwa. Mkubwa ambaye hajala anaweza kusubiri zaidi ya mwaka mzima.

Weka takwimu hizo katika lugha ya biashara. Mwenye mbwa anayeogesha kila Jumamosi kwa dawa nzuri na kipimo sahihi anashughulikia kupe 5 katika kila 100, na wale 95 wanapanga foleni bandani. Jumamosi ijayo atakuta kupe wengine, atasema dawa ni ya bandia, atamlaumu muuzaji na kununua aina nyingine yenye nguvu zaidi. Hapo ndipo lile kosa la kwanza la kijiko huzaliwa. Mara nyingi dawa haikuwa na tatizo.

Viroboto nao ni vivyo hivyo. Jike mmoja aweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, mayai yenyewe hayana gundi, hudondoka popote mbwa anapolala au kujikung'uta. Wakiwa ndani ya vifukofuko vyao, viroboto wanaweza kukaa miezi kadhaa wakisubiri mtikisiko wa nyayo. Familia iliyohamia kwenye nyumba iliyokaa tupu na kushambuliwa na viroboto siku ya kwanza inafahamu jambo hili bila kusomewa.

Kwa hiyo siku ya kuogesha mbwa huanza kwenye banda, saa moja kabla. Gunia au kitambaa cha kulalia hutolewa na kuchomwa moto, au kuchemshwa kama ni cha kurudiwa. Uchafu wote hufagiliwa na kuchomwa, haurundikwi pembeni. Kuta na mbao humwagiwa maji ya moto, hasa kwenye maungio. Nyufa huzibwa kwa lipu. Mfuko wa saruji uliobaki kwenye ujenzi huwa na kazi ya mwisho hapa, na mtu akiusambaza vizuri hupata faida ya miaka kwa kazi ya asubuhi moja. Kama banda litapuliziwa dawa, iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya mabanda, na mbwa asirudishwe hadi pakauke. Zoezi hilo hurudiwa baada ya wiki mbili hadi tatu, kwani mayai yaliyosalimika yatakuwa yameanguliwa.

Banda la mbao lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini, lenye paa la bati linalofunguka, husafishika kwa nusu saa. Lile la matofali yasiyopigwa lipu, lililojengwa kwa mabaki nyuma ya nyumba, ni ghala la kupe. Anayejenga sasa azingatie hilo, kwa kuwa tofauti ya gharama hulipwa au hudaiwa kila mwezi baadaye.

Kumwogesha mwenyewe

Kuoga kwa kawaida, kwa maji na sabuni, kunatosha mara moja kwa mwezi kwa mbwa wengi wa manyoya mafupi, au anapojipaka uchafu. Kuogesha kila siku mbili huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kumwacha akijikuna, na mwenyewe hudhani ni viroboto. Mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki nane haogeshwi. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Ngozi ya mbwa ina tabaka jembamba la juu kuliko ya binadamu, na haina uchachu ule wa ngozi ya binadamu. Kwa sababu hiyo sabuni za watu hazimfai sana. Sabuni ya mche ya kufulia ni kali kwake, sabuni ya unga ni kali zaidi, na dawa ya kung'arisha nguo haipaswi kukaribia mnyama yeyote. Shampuu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa ndiyo inayofaa. Pale isipopatikana, shampuu laini ya watoto wachanga, kwa kiasi kidogo na kusuuzwa vizuri, ni afadhali kuliko mche. Mwenye kulinganisha bei asitazame ukubwa wa chupa peke yake: shampuu nzito huchanganywa na maji kwenye kopo kabla ya kumwagwa, na chupa ndogo ya namna hiyo huweza kuchukua miezi zaidi kuliko chupa kubwa iliyojaa maji kutoka kiwandani.

Kabla ya maji huja chanuo. Manyoya yaliyosokotana yakilowana hukaza zaidi, na kinachobaki ni mkasi. Mbwa hupitishwa chanuo au brashi akiwa mkavu, kuanzia shingoni kurudi nyuma, huku mkono mwingine ukipapasa ngozi. Wakati huo ndipo kupe hutafutwa: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, makwapani, kwenye kinena na katikati ya vidole. Kupe hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kumsokota, kisha hutumbukizwa kwenye spiriti. Kumpasua kwa kucha ni kujipaka damu yenye vimelea. Katikati ya vidole huweza pia kupatikana funza, na kwenye ngozi huonekana majipu madogo yenye tundu juu, ambayo ndani yake mna buu la nzi aitwaye Cordylobia. Nzi huyu hutaga kwenye mchanga wenye kivuli na hata kwenye nguo zilizoanikwa chini. Mbwa mwenye hayo anahitaji kutolewa mabuu hayo kwa usafi kabla ya dawa yoyote ya kuogeshea, maana dawa haimwagwi juu ya kidonda kilicho wazi.

Maji yawe ya uvuguvugu, au yaliyopata jua kwenye ndoo. Kwa mbwa mkubwa, madumu mawili hadi matatu ya lita 20 yanatosha kama kopo linatumika; mpira wa maji hufanya kazi haraka lakini hulipisha kwenye mita, na mbwa wengi huuogopa. Katika maeneo yanayotegemea visima vyenye maji magumu au ya chumvi, sabuni haitoi povu na huacha utando kwenye manyoya. Hapo ni busara dumu la mwisho la kusuuzia liwe la maji ya mvua au ya bomba.

Pamba huwekwa kwenye mdomo wa masikio ili maji yasiingie, na huondolewa mara kazi inapokwisha. Kuosha huanza shingoni, kwa duara la povu, ili viroboto wasikimbilie kichwani. Kisha mgongo, tumbo, miguu na mkia. Uso hufutwa kwa kitambaa kibichi bila sabuni. Shampuu yenye dawa hukaa dakika 10 kwenye ngozi kabla ya kusuuzwa, kwa saa, si kwa kukisia. Dakika 10 za kumshikilia mbwa aliyelowa ni ndefu kuliko mtu anavyofikiri, na shampuu nyingi za bei hupotea kwa kusuuzwa katika dakika ya pili. Dodoki lililolainika kwa maji husaidia kwa mbwa wa manyoya mafupi.

Kusuuza huchukua muda mara mbili ya kupaka sabuni. Ukipitisha vidole na kuhisi utelezi, bado. Kisha taulo, halafu jua la asubuhi. Ndiyo maana kazi hii haifanywi jioni: mbwa mwenye manyoya mazito, kama German Shepherd, akilala na unyevu hupata vidonda vya ngozi. Mbwa huyo pia hanyolewi kwa sababu ya joto la Dar es Salaam, kama baadhi ya watu wanavyofanya wakidhani wanamsaidia. Manyoya yake ya tabaka mbili humkinga na jua pia. Anachohitaji ni chanuo la mara kwa mara la kutoa yaliyokufa.

Kucha hukatwa kidogo kidogo, ncha tu, kwa sababu ndani yake mna mshipa wa damu, na kwenye kucha nyeusi hauonekani. Mbwa anayekimbia kwenye saruji hujikatia mwenyewe na huhitaji msaada kwenye ukucha wa pembeni peke yake, ule usiogusa chini.

Nani anamshika mbwa

Katika nyumba nyingi anayeogesha mbwa si mwenye mbwa. Ni mlinzi, kijana wa bustani au mfanyakazi wa ndani, na kazi hiyo huongezwa baada ya mtu kuajiriwa, bila kutajwa na bila malipo. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika mwambao, kinachoguswa na mbwa kukiwa na unyevu huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa anayeogeshwa ni unyevu mtupu. Si haki kumshtukiza mtu na kazi hiyo, na mwajiri mwenye busara huisema mapema wakati wa kupatana mshahara, humwachia mtu nafasi ya kukataa, na hutenga ndoo, kopo na mahali pa kazi hiyo ili vyombo vya nyumba visichanganyike.

Yeyote anayekubali apewe glovu za mpira, si mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba. Aonyeshwe bomba la kupimia na aandikiwe kipimo ukutani. Mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya mtu kuambiwa amshike mdomo. Chanjo hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kadiri daktari atakavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha huoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Gharama ya sindano za binadamu aliyeumwa haina ulinganisho na ile ya chanjo ya mbwa.

Upande wa pili wa soko

Tangu miaka ya 1990, dunia ya biashara hii imekuwa ikihama kutoka kwenye ndoo. Fipronil iliingia sokoni katikati ya miaka hiyo, ikapulizwa kwa kinyunyizio au kudondoshwa mabegani. Anayeitumia haogeshi mbwa siku mbili kabla wala siku mbili baada yake, kwa sababu husambaa kwa njia ya mafuta ya ngozi. Mwaka 2014 Ulaya na Marekani ziliidhinisha kidonge cha kutafuna cha fluralaner, ambacho hukinga kwa wiki 12 dhidi ya viroboto na aina nyingi za kupe. Bei ya kidonge kimoja humshtua mteja anapoiona kando ya chupa ya josho.

Mlinganisho wa haki ni kugawa bei ya kidonge kwa 12. Kwa upande wa pili, jumlisha gharama ya uogeshaji wa wiki 12: dawa, maji, muda wa mtu, na dawa ya bandani ambayo hata mwenye kidonge anaihitaji mwanzoni. Kwa mbwa mdogo, kidonge cha uzito wake wakati mwingine hushinda. Kwa walinzi wanne wa ghala, kila mmoja wa kilo 35, ndoo ingali na nguvu, ila iwe mikononi mwa mtu anayejua kupima. Vidonge vya kundi hilo havikosi tahadhari: mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba baadhi ya mbwa wanaweza kupata mitetemeko au degedege, hasa wenye historia ya kifafa. Na kidonge cha mbwa mkubwa hakikatwi vipande vinne ili kuhudumia wadogo wanne.

Njia zinazodaiwa kuwa za bure ndizo ghali. Oili chafu ya gari anayopakwa mbwa mwenye upele huingia mwilini kupitia ngozi na kwa kulambwa. Mafuta ya taa huunguza. Upele wenyewe una aina zaidi ya moja: ule wa Sarcoptes huambukiza watu na kuwawasha, ule wa Demodex hauambukizi, na kuzitofautisha kunahitaji daktari akwangue ngozi na kutazama kwenye hadubini. Malipo ya kipimo hicho hufanyika mara moja, wakati kubahatisha hulipiwa kila wiki.

Aidha, kuna wakati ndoo inatakiwa kuwekwa chini kabisa. Mbwa mwenye kupe ambaye amepoteza hamu ya kula, ana homa, fizi zimepauka na mkojo umekuwa mwekundu au wa kahawia, amekwisha kuambukizwa. Vimelea vya Babesia na bakteria wa Ehrlichia huenezwa na kupe na hukaa ndani ya damu, ambako dawa ya kuogeshea haifiki. Huyo anahitaji daktari siku hiyo, na kumwagia maji ya dawa ni kumwongezea mzigo.

Kuhusu mabaki, maji ya amitraz na ya pairethroidi huua samaki hata yakiwa kidogo, kwa hiyo hayamwagwi kwenye mtaro unaoelekea Msimbazi au baharini, bali kwenye shimo kavu mbali na kisima na bustani ya mboga. Chupa tupu husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudishwa kwenye mchanganyiko wa siku hiyo, kisha hutobolewa chini kwa msumari ili asitokee mtu wa kuiokota na kuijaza mafuta ya kula.